Alipata 52, anataka kuwa munganga wa nyama: mlango uko wapi?

Siku matokeo ya Exetat yanatoka, kila mtu anajua namna inakuwa. Simu inalia, mama anapiga vigelegele, unga mweupe unamwagwa kichwani kwa mtoto, na jirani anauliza swali moja tu: "Alipata ngapi?" Hapo njo furaha ya nyumba nyingi inapunguka. Mwenye 68 anasema kwa sauti. Mwenye 52 anajibu "nilipita", kiisha ananyamaza.

Kutoka Karuba mpaka Rubaya, na kule upande wa Walikale, wenye 52 tunakutana nao kila siku. Kati yao kuna waliokua nyuma ya ng'ombe. Wamekwisha kusaidia mbuzi kuzaa usiku, wanajua ng'ombe anayeacha kucheua ana shida, na ukiwauliza wanataka kusoma nini, wanasema bila kusita: munganga wa nyama. Jibu wanalopata nyumbani ni lile lile. Na pointi hizo? Enda kwanza kwa shimo, tutaona.

Sisi tunaona jibu hilo linakosea mahali pa kutazama. Pointi ni shida, hatutaficha. Lakini kwa mtoto wa kwetu si asilimia inayofunga mlango mara ya kwanza. Mlango unafungwa na mambo mengine matatu: seksio aliyochagua akiwa na miaka 14, franga za mwaka wa kwanza, na komisioneri anayemwambia baba kwamba kila kitu kinapangwa.

Tuanze na hiyo 52. Diploma ya Serikali inatolewa kuanzia asilimia 50. Mwenye 50 na mwenye 80 wanashika karatasi moja, yenye jina moja. Namba iliyoandikwa juu yake ni mchanganyiko: kuna mambo ya hors-session, kuna siku nne za session ordinaire, yaani culture générale, sciences, langues, na siku ya nne masomo ya seksio yenyewe. Mtoto anaweza kuanguka vibaya katika Kifaransa na kupita vizuri katika biolojia, karatasi haitasema. Itasema 52. Ndiyo sababu hatupendi kuona mzazi anamhukumu mtoto kwa namba peke yake, wakati mabuletini ya miaka minne yako ndani ya sanduku na hakuna aliyeyafungua. Yafunguliwe. Kama pointi za biolojia na kemia zinasimama vizuri tangu ya tatu mpaka ya sita, kuna kitu cha kujenga juu yake. Kama kemia ilikuwa nyekundu kila mwaka, hilo nalo tulijue mapema, kwa sababu mwaka wa kwanza wa fakulte ya médecine vétérinaire umejaa kemia, fizikia na biolojia, na hapo njo wengi wanabaki.

Tena hiyo namba inapima na vita. Mtoto aliyekimbia Mushaki, akasoma miezi chini ya hema karibu na Goma, akarudi akakuta mabao ya shule yamechomwa kama kuni, si sawa na yule aliyemaliza miaka sita kwa benchi moja Lubumbashi. Tangu 2019 shule ya msingi ni ya bure kwa sheria, lakini sekondari inalipwa na wazazi, na mtoto aliyefukuzwa mara tatu kwa mwaka kwa ajili ya minervali alikosa masomo ambayo Exetat haikumsamehe. Fakulte haitaongeza pointi kwa sababu hiyo. Lakini baba, wewe uliyemuona anasoma kwa tochi ya simu, unaweza kujua kwamba 52 hiyo haikupatikana kwa uvivu.

Mlango wa kwanza: seksio

Hapa njo tungependa wazazi wasimame kidogo. Baada ya mwaka wa nane, mtoto anachagua seksio ya humanités kwa miaka minne. Katika vijiji vyetu shule nyingi zina Pédagogie, Sociale, pengine Commerciale, kwa sababu seksio hizo hazihitaji laboratwari wala shamba. Mtoto anayependa ng'ombe anaingia Pédagogie si kwa kupenda, ni kwa sababu ndiyo iko karibu. Miaka minne inapita. Siku ya kuomba fakulte ya sayansi anagundua kwamba hajawahi kushika éprouvette hata siku moja. Watu watasema alianguka kwa pointi. Kweli ni kwamba safari yake ilikatwa siku ile ya kujaza fomu, na hakuna aliyemwambia.

Seksio zinazomfikisha ni mbili. Moja ni Chimie-Biologie, ile tunaita Bio-chimie. Nyingine ni ya kiufundi, na jina lake linasema lenyewe: Vétérinaire, katika zile shule zinazoitwa ITAV, Institut Technique Agricole et Vétérinaire. Butembo iko nayo, Mushweshwe upande wa Kivu ya Kusini iko nayo, na kwingine. Kuna dharau fulani juu ya shule hizo. Asema ni za watoto wasiojua hesabu, wanafundishwa kulima. Dharau hiyo imewaharibia watu wengi. Mtoto anayetoka ITAV na diploma yake ya 55 amekwisha kushika sindano, amekwisha kupima joto la ng'ombe, anajua dawa ya minyoo inatolewa kwa uzito gani wa mnyama. Yule wa 70 aliyetoka seksio ya Latin-Philo atajifunza hayo akiwa na miaka 23.

Kwa mwenye diploma mkononi leo, barabara ni zaidi ya moja, na hazilingani.

Iliyo nyoofu ni fakulte. Kwa miaka mingi mtu aliyetaka kuwa docteur en médecine vétérinaire katika nchi hii alikuwa na jina moja kichwani: Lubumbashi. Leo fakulte iko pia Kinshasa, na karibu yetu zaidi iko Butembo, katika Université Catholique du Graben. Karibu ni neno la ramani tu. Kutoka Karuba mpaka Butembo kwa gari ni kupita Goma, Rutshuru, Kanyabayonga, Lubero, na munajua wenyewe barabara hiyo imekuwa nini. Masomo ni marefu, karibu sawa na ya munganga wa watu. Kila universite inaweka masharti yake ya kuingia, na inaweza kuyabadilisha kila mwaka: asilimia ya chini, mtihani wa kuingia au hapana, seksio gani zinapokelewa. Kwa hiyo usimwamini mjomba aliyeingia zamani. Masharti ya mwaka huu yanaulizwa kwa apparitorat ya chuo chenyewe, mwaka huu.

Tangu mfumo wa LMD uingie mwaka 2021-2022, mwaka mmoja wa masomo unahesabiwa krediti 60. Kuingia na 52 kunaweza kuwezekana mahali fulani. Kupata hizo krediti 60 ni jambo jingine, na hapo hakuna huruma. Mtoto anayeingia dhaifu katika kemia, bila kitabu, bila mahali pa kulala penye umeme, atarudi nyumbani mwezi wa nane na deni. Tunaandika hivi kwa sababu kuna wazazi wanaouza ng'ombe wawili kwa minervali ya mwaka wa kwanza, wakidhani kuingia ndiyo kazi. Kazi ni kubaki.

Barabara ya pili ni fupi na sisi tunaipenda zaidi kwa mwenye pointi za katikati. Ni vile vyuo vya juu vya ufundi, ISEA na ndugu zake, vinavyofundisha kilimo na mifugo kwa mazoezi. Mtu anatoka na cheo cha kwanza, anafanya kazi, anapata franga, na akitaka anaendelea baadaye akiwa na kitu cha kuonyesha kuliko namba ya Exetat. Na hata kabla ya hapo, yule wa ITAV anaweza kuanza mara moja kama infirmier vétérinaire: kuchanja, kutoa dawa ya minyoo, kuogesha ng'ombe kwa ajili ya kupe, kuhasi, kuzalisha. Kupasua tumbo si kazi yake, wala kuamua dawa kali bila munganga juu yake. Akijua mpaka huo, anaheshimiwa. Akiuvuka, ataua ng'ombe wa mtu na jina litaenda naye.

Mtu asifikiri hii ni njia ya watu maskini tu. Ufaransa ina shule nne za taifa za waganga wa nyama, Maisons-Alfort, Lyon, Nantes na Toulouse, na kuingia humo ni vita ya pointi inayolizwa na watoto wa matajiri. Hata huko wameacha mlango kwa wenye diploma ya kiufundi ya miaka miwili: wana concours yao ya pekee. Na wale wanaoshindwa? Wanavuka mpaka. Wafaransa wamejaa Liège kule Ubelgiji na Cluj kule Romania, wanasomea humo na kurudi kufanya kazi kwao. Kwa hiyo mtoto wa Masisi anayefikiria kuvuka Bunagana asione aibu.

Kuvuka kwenyewe kuna hesabu. Tanzania wameipanga ngazi wazi kuliko sisi. Wana wakala ya serikali inayoitwa LITA, yenye kampasi Tengeru, Mpwapwa, Morogoro na kwingine, inayofundisha astashahada na stashahada za afya ya mifugo kwa waliomaliza kidato cha nne. Mwenye stashahada nzuri anaweza kuomba digrii ya udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ambayo ni miaka 5. Mtu aliyekuwa na pointi ndogo akiwa na miaka 17 anaweza kupanda kwa kazi yake akiwa na 22. Sheria yao ya 2003 inamtambua daktari na inamtambua pia msaidizi wake, kila mmoja na mpaka wake. Uganda nao, Makerere inapokea watu wenye diploma za chini kwa mlango wao. Kwa mtoto wetu, diploma ya Serikali inabidi ilinganishwe kwanza na mitihani ya kule, na hiyo inafanywa na ofisi, si na rafiki wa Kampala. Halafu kuna Kiingereza. Mwaka mzima unaweza kuliwa na lugha, pamoja na pango na chakula. Anayekwambia mtoto ataanza anatomia baada ya miezi miwili anataka kukuuzia kitu.

Komisioneri

Na hapo tumefika kwa yule mtu. Kila mahali palipo na coltan, kuna komisioneri wa madini, na siku hizi kuna komisioneri wa masomo. Anakuja mwezi wa tisa na simu nzuri. Anasema anajua mtu ndani ya fakulte. Anasema 52 inaweza kuwa 62, kuna fasi inapikwa. Au anakuletea jina la chuo usichokisikia, chenye maneno "international" na "santé animale" ndani, kilicho katika nyumba ya kupanga.

Mchimbaji anamwamini kwa sababu ndiyo namna kazi yake inavyokwenda: bila mtu wa katikati hakuna anayenunua mzigo wako. Lakini diploma si mzigo. Wizara ya ESU imekwisha kufanya uchunguzi wa viabilité na kufunga vyuo ambavyo havikustahili, na mwanafunzi aliyekuwa mwaka wa tatu mle ndani alibaki na karatasi isiyopokelewa popote. Pointi zilizonunuliwa nazo zina ubaya wake wa pekee katika kazi hii. Namba ya bandia itakuingiza katika darasa ambamo wenzako wanajua mole na wewe hujui; mwaka mmoja, umetoka. Na kama utapita tena kwa franga mpaka mwisho, siku moja utasimama mbele ya ng'ombe aliyekufa ghafla, damu nyeusi inatoka puani, na wenyewe wanashika visu tayari kugawana nyama. Anayejua atawazuia. Ile ni charbon, majirani wa Tanzania wanaiita kimeta, na inaua watu. Aprili 2025, katika bustani ya Virunga, viboko karibu 50 walikutwa wamekufa kwa ugonjwa huo upande wa ziwa Edouard. Hatuko mbali nalo.

Maana swali la nani atakuwa munganga wa nyama si la familia moja. Milima hii ilikuwa na ng'ombe wengi mpaka vita vya miaka ya 1990 vikawamaliza, wakarudishwa kidogo kidogo, wakaibwa tena. Maziwa na fromaji ya Masisi bado vinalisha Goma. Kwenye machimbo, kikombe cha maziwa mabichi njo chakula cha asubuhi cha wengi. Sasa brucellose inakaa humo humo ndani ya maziwa mabichi. Ng'ombe anatoa mimba, mwenyewe anasema amerogwa. Mchimbaji anashikwa na homa inayokwenda na kurudi, viungo vinauma, anakunywa dawa ya malaria mara tano na haponi. Mtu wa kuunganisha mambo hayo mawili, mimba ya ng'ombe na homa ya mtu, ni munganga wa nyama. Wangapi munawaona wanapanda Karuba?

Kazi hiyo haikuanzishwa na watu wa pointi za ajabu. Shule ya kwanza ya dunia ilifunguliwa Lyon, iliyoamriwa mwaka 1761, na Claude Bourgelat, aliyekuwa kiongozi wa shule ya kupanda farasi; ng'ombe wa Ulaya walikuwa wanakwisha kwa sotoka. Chanjo iliyokuja kushinda sotoka ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake Muguga, Kenya. Ilitaka baridi, na mahali pa vita hakuna friji. Ikatengenezwa nyingine inayovumilia joto kwa wiki kadhaa, na Sudan Kusini, katikati ya bunduki, waliobeba chanjo hiyo mpaka kambi za ng'ombe walikuwa wafugaji wenyewe, wengi wao wasiojua kusoma, waliofundishwa muda mfupi na kusimamiwa na waganga. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imekwisha kabisa. Hatuseme diploma haina maana. Tunasema waganga wale wasingefika popote bila watu wa ngazi ya chini, na Masisi leo inakosa ngazi zote mbili.

Franga za shimo

Inabaki jambo ambalo wanaume hawapendi tuandike. Shimo linatoa franga leo. Wiki nzuri, mchimbaji wa Rubaya anashika kwa siku chache kile mwalimu hashiki kwa mwezi. Kiisha shimo linakauka, au mlima unaanguka, na masika yote tunazika vijana. Franga zile zilikwenda wapi? Simu, bia, pikipiki, mke wa pili. Tunajua, tunaishi pamoja.

Munganga wa nyama hasomeshwi kwa wiki nzuri. Anasomeshwa kwa miaka 6 ya franga zisizokatika, na ndiyo maana tunaona ngazi fupi inamfaa mtoto wa mchimbaji kuliko kuruka moja kwa moja: ITAV au ISEA inalipwa, inakwisha, na kijana anaanza kujisaidia kabla mlima haujamwangusha baba. Wanawake wa likelemba wanafahamu hesabu hii kuliko mtu yeyote. Tumeona mama anayeuza ndizi akimaliza minervali ya mtoto wake kwa zamu mbili za likelemba, wakati baba yuko chini anangojea mshipa mkubwa.

Na wasichana. Watu bado wanasema kushika ng'ombe si kazi ya mwanamke. Ufaransa darasa la waganga wa nyama sasa limejaa wasichana kuliko wavulana. Ng'ombe anafungwa kamba, hashindwi kwa mabega.

Kwa mwenye 52 aliye nyumbani sasa hivi, tungefanya hivi. Tungefungua mabuletini kwanza, tukatazama kemia na biolojia. Tungemtuma aende wiki mbili na infirmier yeyote wa nyama anayezunguka Mushaki au Kitchanga, abebe sanduku lake, aone mavi, usaha na mbuzi anayekufa mikononi. Wengine wanaacha ndoto yao hapo, na ni bora iachwe kabla ya minervali. Tungeuliza kwa wafugaji wa ACOGENOKI na kwa ofisi ya serikali ya kilimo na mifugo ni shule gani wanaopokea watu wake kazini. Tungedai kuona arrêté ya chuo, karatasi yenyewe, kabla ya kutoa hata dola moja. Na kama mtoto alitoka Pédagogie, tungemwambia kwa upole kwamba mwaka mmoja wa kusoma tena kemia kwa mwalimu wa Bio-chimie si mwaka uliopotea.

Mdogo wake pia yuko hapo nyumbani, anamaliza ya nane. Prefe atamuuliza seksio kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa tisa, na fomu inajazwa kwa dakika mbili.